Safari ya Umoja kwa Mwenye Figo Yangu

Nilikwenda Nairobi kwa sababu ya simu ya wifi yangu Agnes, mke wa mdogo wangu Jotham. Ilikuwa Jumatano kabla ya chakula cha mchana, nikichambua mboga ya mrenda huku nyumbani Luanda. "Dada Rasoa, usishtuke," akasema. "Jotham amepimwa, ana corona. Wamemlaza."

Wengi wenu mnamjua Jotham, kitinda mimba wetu, aliyekuwa karani wa reli. Wasiomjua niwaambie tu kwamba figo zake zote mbili zilishindwa kazi, na miaka mitano iliyopita nikampa moja yangu. Tangu hapo yeye anaishi na hiyo, mimi na iliyobaki.

"Corona si iliisha?" mume wangu akauliza. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini sikukaa kubishana. Nilichemsha ile mizizi michungu tuliyokuwa tukinywa sote wakati wa ugonjwa, nikajaza chupa mbili, nikazifunga ndani ya leso katikati ya nguo.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nikapanda basi. Nilivaa barakoa. Huko Kericho ukungu ulikuwa umelalia majani chai, hatukuona kitu. Tulipofika Nakuru tukashuka kunywa chai, na mama niliyekaa naye, anayefuata nguo za kuuza Eastleigh, Nairobi, kila wiki, akanitazama nikiishusha barakoa na kuipandisha kila ninapopiga funda.

"Mama, hiyo bado ya nini siku hizi?"

"Naenda kumwona mgonjwa ambaye hata mafua yangu yanaweza kumwangusha."

Tuliporudi ndani mama yule alifungua dirisha la upande wake, likabaki wazi hadi Nairobi, ingawa upepo ulikuwa ukimvuruga kilemba.

Saa tisa alasiri nikafika Umoja, mtaa wa Nairobi wanakoishi Jotham na Agnes. Agnes alikuwa langoni, naye amevaa barakoa, wala hakunikumbatia. "Nimepimwa sina," akasema, "lakini tupeane nafasi kwanza." Alikuwa ameniwekea kiti barazani, maji na sabuni pembeni. Nikafungua leso kwa furaha, nikampa chupa.

"Dada, hizo hapana," akasema taratibu.

Akakaa mbali kidogo akanieleza, na nawaeleza nanyi kama nilivyoelewa. Kila siku Jotham humeza dawa tatu za kuutuliza mwili wake, usije ukaiona figo yangu kama mgeni na kuishambulia. Mwili uliotulizwa hivyo hauna nguvu ya kupigana na corona. Kwa hiyo madaktari walikuwa wamesimamisha dawa moja, mwili uamke kiasi. Ukiamka kupita kiasi, utageukia figo. Na hakuna aliyejua mizizi yangu ingefanya nini ikikutana na dawa zilizobaki.

Niliumia. Nilikuwa nimezibeba chupa zile kutoka asubuhi kama mtoto mchanga. Lakini nilizimwaga mwenyewe, mtaroni, zote mbili.

Ijumaa asubuhi tukaenda hospitali. Wageni hawakuruhusiwa kuingia. Tulisimama nyuma ya kioo. Jotham alikuwa na mpira wa oksijeni puani, amekonda uso. Aliponiona akageukia ukutani.

"Anaona aibu," Agnes akaninong'oneza. Jotham alikuwa ameonywa asikae kwenye kundi lenye mtu anayekohoa, naye akaenda mazoezi ya kwaya. Koo lilipoanza kumwasha alikaa siku nne bila kusema.

Nikampigia simu kutoka pale pale kiooni.

"Dada," akasema bila kugeuka, "nimeichezea figo yako."

"Si yangu. Nilikupa, Jotham. Sikukuazima."

"Na ikifia humu?"

"Ikifia humu, tutarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, nikae nawe tukibishana kama zamani. Sasa hivi kazi yako ni kupumua."

Akacheka, kicheko kikawa kikohozi, na alipomaliza kukohoa alikuwa ametugeukia. Sikumbuki tulichosema baada ya hapo. Nakumbuka Agnes akifuta kioo kwa kiganja ingawa hakikuwa na uchafu.

Siku zilizofuata zilikuwa za kungoja. Daktari wake, binti mdogo mwenye sauti ya upole, hakutuficha: "Mapafu yanatulia. Figo ndiyo inatupa wasiwasi." Kipimo cha damu, ambacho hupanda figo ikilemewa, kilipanda siku mbili mfululizo. Mimi na Agnes tulimenya viazi vingi kuliko tulivyoweza kula.

Jumatatu jioni akaja langoni Mzee Habil wa kwaya, anayeimba besi pamoja na Jotham. Alisimama nje, kofia mkononi.

"Agnes, aliyekuwa akikohoa siku ile ni mimi. Nilidhani ni vumbi."

Agnes alishika lango, hakulifungua.

"Kaa hapo hapo ulipo, Mzee," akasema. "Lakini ukae. Nakuletea chai." Akamtolea kiti nje ya lango, na yule mzee akainywa chai yake barabarani, machozi yakimtoka.

Siku ya tisa tangu alazwe, Jotham akaruhusiwa kurudi nyumbani. Kipimo kilikuwa kimeshuka, ingawa si hadi pale pa zamani. Daktari alisema figo imejeruhiwa kidogo lakini inafanya kazi, na ile dawa iliyosimamishwa itarudishwa polepole, damu ikipimwa kila wiki.

Asubuhi ya kurudi kwangu Jotham alinisindikiza hadi langoni, akitembea kwa hatua fupi, barakoa usoni. Nilitaka kumkumbatia kama tunavyoagana sisi. Badala yake nikaweka mkono kifuani.

"Waambie wa nyumbani nawapenda," akasema, "lakini mwenye mafua apige simu. Asije kunitembelea."

Basi ndiyo hayo nawaambia. Kwetu corona imekuwa hadithi. Kwake bado ni jirani. Nilikwenda nikidhani upendo ni kubeba kitu na kumkaribia mgonjwa. Kwa Jotham nilijifunza kuacha mizigo na kusimama hatua mbili nyuma.

Nilikuwa nimeshavuka barabara aliponiita.

"Dada, na ile uliyobaki nayo, haijambo?"

"Haijambo," nikamjibu. "Inamsalimia mwenzake."