Shangazi Aliyeegemea Spika

Kwa miaka ishirini na mitatu Besi alipiga gitaa la besi katika bendi ya roki nzito, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsifu wala kumlaumu. Mwimbaji alipendwa, mpiga ngoma alichukiwa na majirani, na yule wa gitaa la solo alikuwa na mashabiki mpaka kwenye foleni ya daktari wa meno. Mkewe Besi aliwahi kumuuliza, bila ubaya, "Hivi lile gitaa lako huwa limewashwa?"

Siku ya onyesho lake la kustaafu, shangazi yake naye aliletwa, kwa heshima tu, maana mashine za kiwanda cha magunia zilimmalizia masikio zamani. Akakataa kiti cha mbele. Akaenda kuegemeza mgongo kwenye spika kubwa, kama mtu anayeota jua, akafumba macho.

Onyesho lilipokwisha, watu walimpongeza Besi kwa maneno ambayo yangemfaa hata mpishi. Shangazi akamshika mkono, akapaza sauti mpaka ukumbi mzima ukageuka:

"Kwenye wimbo wa tatu, mwanangu, umeingia mapema. Halafu ukajikausha."

Kweli tupu. Tena ndivyo alivyouingia kwa miaka ishirini na mitatu, na bendi nzima haina habari.

Besi akapanda tena jukwaani, akachomeka gitaa, akaupiga wimbo wa tatu upya, peke yake, mwanzo hadi mwisho. Shangazi alikuwa ameshaurudisha mgongo kwenye spika.

"Afadhali," akasema.