Sanduku Langu la Barua na Vita vya Alden

Alden Pettengill ameendesha gari la kusukuma theluji hapa kwetu Vermont, Marekani, miaka kumi na tisa, na kila mwaka huligonga sanduku langu la barua, lile lililo juu ya mti kando ya barabara. Huligonga, hushuka, huomba radhi, na Jumamosi huja na nyundo kulisimamisha. Mimi humtukana kidogo, kisha humpa keki ya tufaha.

Basi akaitwa vitani Iraki, maana alikuwa askari wa akiba. Walisema mwaka mmoja. Ulipoisha, wakaongeza wa pili. Bintiye akaanza kutembea baba hayupo, na sasa tukaanza kuogopa watadai wa tatu.

Machi ukafika mkutano wa mji, ambapo kila mwaka wakazi wote hupigia kura mambo yao. Tulijaa ukumbini, maharage yakiiva jikoni. Roberta, mkewe Alden, alileta hoja: mji uiombe serikali iwarudishe askari wetu.

Lyle Batchelder, mmoja wa halmashauri ya mji, akasimama. "Bwana Mwenyekiti, vita si kazi yetu. Tuzungumzie barabara."

Nami nikasimama. Kusoma sijui sana, lakini kusimama najua. "Haya, barabara. Huyo mkandarasi mliyemweka badala ya Alden, anakula kiasi gani?"

"Bibi Edwina, keti," akasema Mwenyekiti.

"Nitaketi nikijibiwa."

Mwenyekiti akapekua karatasi. Mara tatu ya mshahara wa Alden! Ukumbi ukaguna.

"Hiyo ni kwa mtu mmoja tu," nikasema. "Nchi nzima je? Na yule mtoto, Lyle, zile hatua zake za kwanza utamlipa baba yake senti, dola, au nini?"

"Angalau mkandarasi haligongi sanduku lako!" akajibu Lyle. Watu wakacheka.

"Ndilo linaloniuma! Limesimama wima baridi nzima kama jiwe la kaburi."

Hapo hakucheka mtu. Tulipiga kura kwa kusimama: sitini na wanne tuliunga mkono, hamsini na mmoja walikataa. Lyle alisimama upande wetu, akijidai ananyoosha mgongo. Tukala maharage.

Serikali haikujibu hata neno. Lakini mwaka wa tatu hawakuudai, na Alden akarudi majani yakipukutika, sikio la kushoto limekufa.

Theluji ya kwanza ilianguka Novemba. Nilikuwa nanywa kahawa ya asubuhi niliposikia: kwaa! Nikatoka mlangoni.

"Alden!"

"Nisamehe, Bibi Edwina! Sikulisikia!"

"Na zamani ulikuwa unalisikia, mjinga we?"

Nikaingia ndani kumenya matufaha.