Mama Fukusi na Gugu la Ziwani

Jina la Mama Fukusi halikuwa la sifa. Alibandikwa jina hilo na majirani siku aliporudi nyumbani na chupa ya wadudu aliyopewa na afisa wa maji. Walikuwa weusi, wadogo, wenye mdomo mrefu, na ukiwatazama ungeapa ni fukusi wa mahindi. Eti hao ndio watakula gugumaji lote la ziwani! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Ziwa lenyewe halikuonekana. Gugu lilitanda toka ukingo huu hadi ule, na mashua ambayo mumewe alivushia abiria ilikwama nchi kavu, kuku wakitagia ndani. Mvushaji bila maji ni nini? Mume alifunga mzigo akaenda machimboni, mbali, kuponda kokoto. Aliaga kwa kusema atarudi ziwa likifunguka, na wote walielewa kwamba maana yake harudi. Mkewe alimtaka mume wake, basi.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mama mkwe, mlinzi wa ghala la mahindi. Fukusi ndani ya ua wake? Labda azikwe kwanza. Mama Fukusi hakubishana naye. Alitia wadudu wachache kwenye chupa yenye mahindi, akaifunga kwa kitambaa, akamwomba mama mkwe aiweke chini ya kitanda chake mwenyewe. Kila kukicha bibi alichungulia. Mwishowe alitoka nayo mkononi. Wadudu wote walikuwa wamekufa, miguu juu, na hakuna punje iliyoguswa.

"Mwanangu," alisema taratibu, "wamekufa njaa juu ya chakula."

Waliketi wawili wakiitazama chupa ile, na woga wa ajabu ukawaingia. Kiumbe gani huyu, ambaye duniani kote tumbo lake linajua jani moja tu? Toka siku hiyo mama mkwe ndiye aliyebeba samadi.

Samadi ya nini? Hapo ndipo penye kichekesho. Ili wadudu wazaane, ilibidi Mama Fukusi apande gugu lile lile kwenye makarai, alirutubishe, alibembeleze. Kila walipojaa aliwapeleka ziwani kwa ndoo. Masika yakapita, kiangazi kikapita, kimya. Majirani wakauliza kama fukusi wamekwenda likizo. Kisha majani yakaingia madoa, yakageuka kahawia. Mabua yaliyotobolewa na funza wao yakajaa maji, na asubuhi moja pande zima la gugu likazama polepole, lenyewe, bila mkono wa mtu. Maji yakatokea, na mbingu ndani yake. Mama Fukusi akakaa chini kwenye tope. Usione wembamba wa reli, wakasema wale waliocheka, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mume alirudi. Alifukuza kuku, akaisukuma mashua majini huku analia mbele za watu. Jioni aliona karai la gugu bichi uani, akalinyanyua ili akalimwage motoni.

"Hili ndilo lililonifukuza nyumbani," alisema.

"Liweke chini, mume wangu. Kule ziwani wamekula mpaka chakula chao kimekwisha, na kingine hawakijui. Waliobaki ni hawa."

Mume aliinamia majani, akawatafuta kwa macho mpaka akamwona mmoja. Akalirudisha karai chini taratibu, asimwangushe. Mama yake akamkabidhi ndoo ya samadi.