Nilikata Hesi kwenye Mtutu wa Shemeji

Nimekosa, wasomaji. Sina namna nyingine ya kuanza, na kusema kweli sina hata nguvu ya kuzungukazunguka. Nilifanya kosa la kwanza mbele ya mashine yangu, nikafanya la pili mbele ya askari. La pili ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Kazi niliianzia kwenye karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Mnyuzi. Vipuri havikuwepo, kwa hiyo tulitengeneza kila kitu wenyewe. Chuma kikikatika unakikata hesi, yaani mizunguko kama ya skrubu, unakiunga, trekta linarudi shambani. Hakuna aliyeuliza kama inaruhusiwa! Tulisifiwa tu, na sifa zile zilinilevya.

Zilipokuja enzi za ruksa, shamba likauzwa, wengi tukapunguzwa. Nikapata mashine kuukuu ya kukereza, nikafungua karakana yangu hapa Korogwe, upande wa Kwamndolwa. Wakati ule kila mtu alikuwa anafungua kitu chake, duka la mitumba, hoteli, mashine ya kusaga. Kazi hazikunipiga chenga.

Dada yangu ameolewa Kwaluguru, kule Handeni. Mume wake ni mkulima, mtu mpole, mtu wa swala tano. Alikuwa na shotigani, tena ya halali kabisa, ina leseni kwa jina lake. Kule huvuni bila kulinda. Nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi, asubuhi unakuta mabua.

Msimu mmoja, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yamebeba, shemeji akaja karakana na bunduki yake ameiviringisha kwenye gunia.

"Shikamoo, shemeji," nikamwamkia.

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa, mlamu wangu."

Akafungua gunia. Aliiegemeza shambani mdomo chini, udongo ukaziba, yeye hana habari. Alipofyatua, mtutu ukapasuka mwishoni kama ganda la ndizi. Alhamdulillah hakuumia!

"Hii si inatakiwa ipelekwe polisi?" nikamuuliza. Msije mkadhani sikujua. Nilijua!

"Ndivyo inavyotakiwa. Lakini nikiipeleka leo wataikalia mpaka msimu uishe. Dada yako atakula nini, mabua? Wewe fundi, bwana. Bomba ni bomba."

Bomba ni bomba! Nikacheka. Laiti ningemrudishia gunia lake pale pale, leo nisingekuwa naandika haya.

Nikakata sehemu iliyopasuka. Ningeishia hapo ingekuwa kosa tayari, lakini bunduki ile fupi ilinikera machoni. Mimi huyu na sifa zangu! Nikakata hesi kwenye mdomo wa mtutu, nikakereza kipande cha bomba, nikakifunga, nikapiga msasa mpaka maungio hayaonekani. Urefu uleule. Nikamwonya apige juu tu, awatishe nguruwe kwa mlio, akakubali. Aliigeuzageuza mikononi akitabasamu, na mimi nikajiona fundi kuliko mafundi wote wa Korogwe.

Dada alivuna mwaka ule. Akaniletea mahindi, akanishukuru sana.

Kisha ukafika wakati wa wenye silaha kuzipeleka kituoni zikaguliwe. Shemeji akaenda bila wasiwasi, kanzu safi, leseni mfukoni. Askari aliyekuwa anakagua alikuwa mtu mzima, mzoefu. Akapitisha kidole juu ya mtutu, kidole kikasimama, kikarudi nyuma. Akashika, akazungusha. Kipande changu kikafunguka.

"Mzee, hii unaifungua inakuwa fupi, unaificha ndani ya koti," akamwambia. "Na hii hesi ni ya kufungia nini? Kizuia mlio?"

Ya Rabi! Shemeji hajawahi hata kumiliki koti! Lakini siku zile majambazi walikuwa wanateka mabasi kwa bunduki zilizokatwa, na kubadilisha mtutu bila kibali ni kosa hata kama leseni ni yako. Alipoeleza habari za udongo na nguruwe, wakamwona anawachezea akili. Kama ningekata tu kwa msumeno, kikabaki kisiki cha hovyo, pengine wangemwamini. Ile kazi nzuri ndiyo iliyofanana na kazi ya ujambazi.

Akawaambia kuna fundi Korogwe ataeleza kila kitu. Wakamleta.

Landrova ilisimama mbele ya karakana mchana, watu wanapita. Shemeji akashushwa na pingu. Niwaambie kitu kinachoniumiza: hakuwa na hofu. Alinitazama kama mtu aliyefika nyumbani kwao. Alijua nitasema.

"Fundi, unaijua hii?" askari akaniuliza, mtutu mkononi.

Nilikuwa na maneno yote. Mtutu ulipasuka. Aliniletea umepasuka. Nilikata mimi, nilitia hesi mimi, yeye hakuomba hesi. Basi! Shahidi mwingine hakuwa naye duniani.

"Siijui," nikasema. "Mimi natengeneza vyuma vya mashine za kusaga. Bunduki sijawahi kuigusa."

Askari akamgeukia. "Mzee, si ulisema ndiye huyu?"

Shemeji akainamia pingu zake. Hakunitazama tena.

"Siye," akasema. "Nimechanganya. Yule fundi alikuwa mpita njia."

Mungu wangu! Wakampandisha garini, wakaondoka. Nikarudi kwenye mashine nikaiwasha ikawa inazunguka bure, haina chuma.

Mahakamani alionekana mtu anayewaficha wenzake. Akafungwa.

Dada akaja kwangu analia. "Ndugu yangu, sasa nimebaki na wewe tu." Nikawa nakwenda Kwaluguru kumlimia, nabeba chumvi, nabeba sabuni. Kila nikiondoka ananishukuru, ananiombea dua mbele ya majirani. Jamani, kushukuriwa kunachosha! Na mahindi yenyewe nguruwe waliyamaliza, maana mwenye kuyalinda hakuwepo.

Shemeji alitoka gerezani amekonda, ana kikohozi kisichoisha. Leseni ilishafutwa. Sasa analinda kwa kupiga debe, na akikohoa sana debe linanyamaza.

Siku moja nikajikaza, nikaenda. Nikawakuta uani, dada anapukuchua mahindi machache yaliyopona, shemeji amekaa kwenye mkeka. Nikasema yote.

Dada hakuacha kupukuchua. "Najua," akasema. "Aliniambia siku ya kwanza nilipokwenda kumwona gerezani. Akanikataza nisikuulize, eti utasema mwenyewe. Kila ulipokuja kulima nilidhani leo utasema. Nimechoka kukungoja, mdogo wangu."

Nikamgeukia shemeji. Kwa nini pale karakana alisema siye mimi?

"Ningeshikilia ni wewe nawe umeshakana, ningeonekana nasingizia," akasema. "Na kama wangeniamini, tungefungwa wote. Nani angemlimia dada yako?" Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Ila ungesema wewe mwenyewe, shemeji, pengine hakimu angesikia habari ya nguruwe."

Akaniambia nikaribie chakula, nikala.

Mafundi wenzangu, bunduki ya mtu ikiletwa karakana, usiiguse! Asikudanganye ndugu wala shemeji. Aipeleke kituoni hata kama mahindi yataliwa yote. Na wewe uliyekwisha kugusa, askari akikuuliza, jibu pale pale. Mimi nilisema "ni mimi" mtu ameshamaliza kifungo chake, na neno hilo halikumfungulia mlango wowote.