Skrini Iliyobaki Kijani

Achim Szołtysek alikuwa na kazi ambayo mama yake alikufa bila kuielewa, na mtaani kwetu hakuna aliyejisumbua kumuuliza. Aliandika programu inayojifanya kompyuta nyingine. Ndani ya kompyuta ya leo, hizi za dukani, programu ile ilijenga kompyuta ya zamani isiyokuwepo: prosesa yake, kumbukumbu yake, kadi yake ya picha, vyote vya kuigiza. Programu ya kale ikiwekwa humo haikujua kwamba imehamishwa. Iliendelea na kazi zake kama kipofu ambaye samani za nyumba yake hazijasogezwa.

Ilikuwa programu huria. Watu wa nchi nyingi, wengi wao wasiowahi kuonana, waliiandika kwa pamoja, na yeyote aliweza kuichukua bure. Fungu la Achim lilikuwa prosesa moja iliyosahauliwa na kadi ya picha iliyokuwa ikiuzwa alipokuwa shule ya msingi. Hakulipwa kwa hilo. Mchana alitengeneza mitandao ya maofisi. Saa zilizobaki alizitia kwenye kadi yake, na hakuoa.

"Na wewe unachimba kama sisi," mjomba wake Alojz alikuwa akimwambia, "ila kucha zako safi."

Alojz alichimba makaa mpaka mapafu yalipokataa. Mgodi ukamweka chumba cha juu, mbele ya skrini inayoonyesha njia za chini ya ardhi. Njia yenye hewa salama ilikuwa kijani. Hewa ikiharibika, inageuka nyekundu, naye anapiga simu chini ili watu watoke. Kazi yake yote ilikuwa hiyo, kutazama.

Sote tulikaa katika nyumba moja ya matofali ya mgodi, Alojz chini, Achim katikati, mimi juu. Siku ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimba migodi, mwezi wa kumi na mbili, wachimbaji wakiwa bado na manyoya ya sherehe kwenye kofia zao na bia mezani, Alojz alimwita Achim kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Mpwa! Ile mashine yetu ya chumbani imekufa, Mungu ailaze pema. Wametuletea mpya, na ndani yake wametia ile takataka yako."

"Takataka gani, mjomba?"

"Ile ya kuigiza. Fundi kanionyesha jina lako limeandikwa humo humo. Nikamwambia, huyu nimemfuta makamasi mimi."

"Na bado yanatoka," alisema Bercik, aliyecheza karata na Alojz kila Alhamisi. Meza nzima ikacheka. Achim aliinamisha uso kwenye bia yake, lakini nilimwona. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Mwezi wa pili, zamu ya mchana, Bercik na mwenzake walitumwa kung'oa reli katika njia iliyokuwa ikifungwa. Hewa mbaya iliwakuta huko. Walipatikana wamekaa, mmoja ameegemea bega la mwingine, kama watu waliopumzika.

Vipima hewa vilivyofungwa kwenye kuta za njia ile vilikuwa vizima. Ilionekana wazi kwamba onyo lilifika juu mapema, watu wale wakiwa bado na nafasi ya kutoka kwa miguu yao. King'ora kilikuwa kimezimwa zamani kwa sababu kililia ovyo, na aliyeamuru kizimwe alikuwa amekwisha kustaafu. Ilibaki skrini. Na msimamizi wa zamu alipoingia mbio chumbani aliiona njia ya Bercik nyekundu, na Alojz amekaa mbele yake, mikono juu ya magoti.

"Nyekundu kama bucha, na wewe umekaa tu!"

"Ilikuwa kijani," alisema Alojz.

Aliwaambia hivyo polisi. Aliiambia hivyo kamati ya mgodi. Mwanasheria aliyeletwa na chama cha wachimbaji, mtu mpole, alikuja nyumbani akanywa kahawa yote mpaka machicha.

"Bwana Alojz, una umri, una mapafu mabovu, una dawa. Ukisema ulisinzia, hakimu ni binadamu. Ukisema ilikuwa kijani, unawaambia mashine ilidanganya na wewe ndiye mkweli. Watakufunga."

"Lakini sikulala."

"Umejuaje? Mtu aliyesinzia hajui kwamba amesinzia."

Maneno hayo yalimwingia kama unyevu unavyoingia ukutani. Wiki moja baadaye nilimkuta jikoni kwake, kiti kimeelekezwa kwenye ukuta mtupu, naye amekaa anautazama.

"Vipi tena, jirani?"

"Najipima," alisema bila kugeuka. "Nataka nione usingizi unaingilia wapi. Kama nalala bila kujua, basi hata sasa hivi sijui kama niko macho."

Mwisho wa mwezi alikwenda kwa Truda, mjane wa Bercik, ng'ambo ya uwanja wetu. Akamwambia kwamba alilala. Truda alilia, kisha akawasha jiko, kisha akasema kulala ni kwa kila mtu mwenye mwili, na kwamba amemsamehe. Akampa supu. Tangu siku hiyo Alojz alikula kwake mara kwa mara, wote wawili kimya, na kesi ilipangwa baada ya Pasaka. Huko alikusudia kusema hivyo hivyo: nililala.

Jumapili moja ya Kwaresima Achim alitualika chakula, mjomba wake na mimi. Madonge ya viazi, kabeji nyekundu, nyama ya kukunja.

"Kula, mjomba, yanapoa."

"Magumu kama kichwa chako. Mama yako angewatupia njiwa, nao wangekushtaki."

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu mwezi wa pili, na tulicheka kupita kiasi. Labda kicheko ndicho kilichomlegeza, maana aliweka uma chini akasema, "Kuna kitu kimoja hakinitoki. Wanasema ilikuwa nyekundu muda wote ule. Mimi naiona inageuka. Msimamizi kaingia, kaegemea meza, mkono umeangukia vibonyezo, na mbele ya macho yangu, pap, nyekundu. Hata hilo niliota?"

Achim aliacha kutafuna. "Mkono kwanza, au nyekundu kwanza?"

"Mkono. Lakini aliyelala nani anamsikiliza?"

"Kabla ya hapo wewe ulibonyeza chochote?"

"Nibonyeze nini? Kazi yangu kutazama. Ukikosea kibonyezo unapata kurasa za tarakimu, na kuirudisha picha ni shida."

Achim alisimama. Alisema kazi imemwita, akaenda chumbani kwake. Alojz alimalizia sahani yake, akashuka. Mimi nilimfuata Achim kwa kudhani anaumwa.

Alinieleza mara nyingi baadaye, hata nikaelewa mimi ambaye si wa fani hiyo. Kadi ile ya zamani haikuhifadhi rangi. Ilihifadhi namba, nukta kwa nukta, na pembeni jedwali dogo linalosema namba hii ni kijani, ile ni nyekundu. Aliyeandika programu ya mgodi, miaka thelathini nyuma, alikuwa mtu wa kubana matumizi. Njia ikiharibika hakuichora upya. Aliliambia tu jedwali kwamba namba ya njia ile, iliyokuwa kijani, sasa ni nyekundu. Kwenye kadi ya kweli ya zamani njia nzima ilibadilika papo hapo.

Achim, mwaka mmoja kabla ya ajali, alikuwa ameirahisishia kadi yake ya kuigiza kazi. Kuchora skrini nzima kila mara ni kupoteza nguvu. Afadhali kuuliza kwanza kama nukta zimebadilika, na kama hazikubadilika, kuiacha picha ya zamani. Palikuwa na mstari mmoja wa msimbo, maandishi yenyewe ya programu, uliouliza pia kama jedwali la rangi limeguswa. Alijaribu michezo ya zamani, alijaribu programu za ofisini, na kila mara jedwali likiguswa, nukta nazo ziliguswa. Mstari ulionekana wa bure. Akaufuta. Wenzake wakakagua, wakapongeza, ikapita.

Siku ile mbele yangu aliandika programu fupi inayochora mraba wa kijani. Kisha akaliamuru jedwali liseme nyekundu. Mraba ulibaki kijani. Tuliutazama. Chini uwanjani mtu alikuwa akipiga zulia kwa kijiti, pu, pu, pu. Achim akagusa kibonyezo kimoja, mstari wa maandishi ukasogea, skrini ikajichora upya, na mraba ukawa mwekundu.

"Walisema imekuwa nyepesi," alisema. "Walinishukuru."

Hakushuka kwa mjomba wake siku hiyo. Alitaka kwanza kurekebisha, kama mtu anayefua shati kabla ya kwenda polisi. Aliurudisha mstari, akakituma kiraka chake, yaani marekebisho hayo, kwa wenzake wa huko na huko, na maelezo mafupi kama ilivyo desturi yao: nini kilikosewa, nini kimebadilishwa. Mwishoni aliongeza sentensi moja: watu wawili wamekufa kwa kukosekana kwa mstari huu.

Jibu lilikuja kesho yake kutoka kwa mtu wa mbali, mwenye adabu. Kazi nzuri, nimekagua, asante. Ombi dogo tu: ondoa sentensi ya mwisho, haihusiani na msimbo.

Aliiondoa. Yeye mwenyewe aliwahi kuwaambia wengine hivyo hivyo.

Kisha akanigongea, akaniomba nishuke naye. Alojz alikuwa anamenya viazi.

"Mjomba, hukulala."

Kisu kikasimama. "Rudia."

"Hukulala. Ilikuwa kijani, kama ulivyosema. Ni mimi niliyeifanya ibaki kijani." Akamweleza, vibaya, akirudi nyuma mara kwa mara, na mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Nilingoja alie kwa kutua mzigo. Nilikuwa na kitambaa mfukoni, tayari.

"Kwa hiyo nilikuwa macho," alisema Alojz.

"Ulikuwa macho, mjomba."

"Nilikuwa nawatazama. Bercik anakufa na mimi namtazama, nakunywa chai."

"Hukuwa na njia ya kujua."

"Usinifundishe nilichokuwa nacho!" Akakitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka. "Aliyelala hayupo. Mimi nilikuwepo." Kisha sauti yake ikashuka. "Na Truda? Amenisamehe kulala. Nimekula supu yake kwa kulala. Sasa nikamwambie anisamehe nini? Vaa koti."

"Mjomba, ngoja nimwandikie hakimu kwanza."

"Hakimu ana mshahara, atangoja. Vaa koti. Mimi maneno ya kompyuta sina."

Tulivuka uwanja watatu. Truda alifungua akiwa na aproni, akamwona Alojz akatabasamu, kisha akaona nyuso zetu. Achim alianza na kadi ya picha. Alipofika kwenye jedwali la rangi, Truda alimkata.

"Sitaki mashine. Wewe ulifanya nini?"

"Nilifuta mstari mmoja."

"Kwa nini?"

"Ili iende haraka zaidi."

"Nani alikuwa na haraka?"

Truda alimshika Alojz mkono wa koti, akamvuta ndani, akafunga mlango. Sisi wawili tulibaki ngazini, na kupitia mlango tulimsikia mzee, ambaye hakulia mazishini, analia.

Baada ya Pasaka Achim aliwaonyesha wataalamu wa mahakama ule mraba wake, na Alojz akafutiwa kesi. Mgodi ulisema ulinunua huduma kwa fundi. Fundi alisema alichukua programu kama ilivyo. Na programu yenyewe hutolewa bure, bila dhamana yoyote, imeandikwa hivyo mwanzoni mwa kila faili. Achim alisubiri barua ya kumwita mahakamani. Haikuja. Mwezi wa sita alikwenda mwenyewe kwa mwendesha mashtaka, amevaa suti ya mazishi, akaeleza yote tangu mwanzo.

Bibi huyo mwendesha mashtaka alimsikiliza kwa uvumilivu, kisha akamuuliza kama aliajiriwa na mgodi.

"Hapana."

"Ulilipwa na yeyote kwa kazi hiyo?"

"Hapana."

"Basi nenda nyumbani, bwana," alimwambia, akifunga jalada. "Hapa huna kesi."