Sungura wetu mweupe alianza kuwa mweusi masikioni, jirani akataka aondoke

Wakuu, salamu kutoka Kigali. Haya yametokea kwenye ua wetu na sijatia chumvi. Ila mke wangu nitamsifia, mnivumilie.

Tunakaa Rwezamenyo, ua mmoja na Mama Shaban, Mnyarwanda aliyekulia Burundi. Anafuga sungura wa kuuza.

Neema, mke wangu, naye akanunua mmoja sokoni Nyabugogo. Mdogo, mweupe pepe, macho mekundu kama punje za komamanga. Akamwita Pamba. Akirudi kazini, anamsalimia Pamba kwanza, mimi baadaye.

Pua ikaanza kuingia weusi. Nikajua ni masizi ya jiko la mkaa, nikamfuta kwa kitambaa cha maji. Wapi! Masikio nayo yakafuata.

Mama Shaban akaja, mikono kiunoni, na ile 'sha' yake ya kumwita mtu wa karibu.

"Sha Neema, hiyo iko na ukurutu ya masikio. Zangu zilikufa zote namna hiyo. Jumamosi nisiikute hapa."

Hakuwa na roho mbaya. Aliwahi kuzika banda zima.

Nikaanza kutafuta mtu wa kumpa. Neema hakubishana na yeyote. Alimpakata Pamba penye mwanga, akapuliza manyoya ya sikio taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto. Hakuna magamba, hakuna harufu, wala hajikuni. Akageuza miguu: yote minne inaingia kijivu. Na mkia.

"Ugonjwa gani huu unaopaka rangi kwa mpangilio? Twende tukamwone mama yake."

Naandika riwaya, wakuu, na nilidhani najua kutazama. Sikujua.

Nyabugogo, katikati ya kelele za makondakta, muuzaji akamtoa mama mtu kwenye kizimba. Mweupe mwili mzima, lakini pua, masikio, miguu na mkia kama vimechovywa kwenye wino. Ni mzuri jamani!

"Ni mbegu ya Californian," muuzaji akacheka. "Zinazaliwa nyeupe, rangi inakuja pole pole. Baridi inaongeza."

Neema akapiga picha.

Mama Shaban aliitazama sana ile picha. Kisha akamchukua Pamba, akapuliza masikio yeye mwenyewe, moja baada ya jingine.

"Iko dume?"

"Dume."

"Weee! Usiipe mtu. Jike yangu iko inangoja bwana."

Nilichojifunza: kabla ya kuuliza sungura wako anaumwa nini, uliza kwanza ni mbegu gani. Na ukiweza, kamwone mama yake.

Jumamosi ilifika, Pamba yupo. Jina hatujabadilisha, ingawa pua ni mkaa mtupu.

Wafugaji wa Dar na Mombasa, hebu semeni: kwenye joto lenu, masikio ya sungura hawa hufikia weusi huu? Wekeni picha tuone.

Mimi nipo, ila naandika kwa shida. Mama Shaban yuko mlangoni na majani ya karoti, anauliza mkwe wake ameamkaje.