Presha Iliyoanzia Tumboni

Wiki jana, katika kliniki moja ya Bomet, mkulima mmoja mzee wa majani chai alipimwa presha ikawa juu. Daktari akamweleza kwamba mishipa ya damu hujengwa tangu tumboni mwa mama, na njaa ya wakati huo huweza kuidhoofisha.

Mzee akamnyooshea kidole mama yake aliyemsindikiza. "Umesikia, Mama? Ni wewe!"

Ajuza akamgonga goti kwa fimbo. "Mwaka huo nzige walikula wimbi yote. Nilitafuna majani ya porini ndio uzaliwe. Na hiyo chumvi unamwagia nyama, pia ilitoka tumboni?"

Mzee akamgeukia daktari. "Sasa nipunguze nini?"

Mama ndiye aliyejibu: "Mdomo."

Mimi niliyefuata kwenye foleni nilikuwa nimeshaanza kumlaumu mama yangu moyoni. Nikaacha, nikakunja mkono wa shati nipimwe.